Nyanya zangu zinavuka Busia kwa karatasi

Nalima nyanya upande wa Uganda, si mbali na mpaka wa Busia, na wateja wangu wengi ni Wakenya. Kwa miaka mingi bei alipanga dalali. Anafika shambani na pikipiki, anabonyeza nyanya mbili tatu, kisha anaanza hesabu ya "gharama za njia": kuna askari, kuna vijana wa njia za panya, kuna wa kumtuliza. Zote zinakatwa kwenye boksi langu, hata siku ambayo hakusimamishwa na mtu.

Mama mmoja muuza vitunguu ndiye aliyenionyesha cheti rahisi cha uasili wa bidhaa. Kwa utaratibu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mzigo uliozalishwa ndani ya Jumuiya, uliomo kwenye orodha ya bidhaa zilizokubaliwa na usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, hautozwi ushuru wa forodha. Cheti unakipata palepale mpakani, bure. Mzigo wangu haujawahi hata kukaribia dola hizo! Tena tangu 2018 kituo cha pamoja kimezinduliwa rasmi, maofisa wa nchi zote mbili wako mahali pamoja.

Ila mkaguzi wa mimea hababaishwi na cheti cha forodha. "Mama, fungua hilo la chini." Anachukua nyanya, anainua kikonyo kwa ukucha, anatafuta tundu la kiwavi wa Tuta absoluta, nondo anayeharibu nyanya. Kwa hiyo siku hizi nachambua nyumbani, moja moja, na yenye tundu inaishia kwenye sufuria yangu. Ada ya ukaguzi, usafiri na ushuru wa kaunti ya upande wa pili naviweka kwenye bei kabla sijatoka.

Dalali bado anakuja. Mvua ikikolea, nyanya zikajaa pande zote mbili, namuuzia, maana karatasi haizai wanunuzi. Tofauti ni kwamba akitaja gharama za njia namtajia zangu, naye anapandisha bei. Mimi naona sera hii imenifaa kuliko mbegu za bure zinazotufikia msimu umeshapita.

Msimu huu tumeungana wakulima wachache kukodi gari, kila mtu na cheti chake. Tunachobishania sasa na wanunuzi ni lumbesa, yaani kutaka boksi lijazwe kupita kipimo kwa bei ileile, na hiyo hakuna ofisa anayetusaidia.