Ami kasema bei tusiitazame

Mtoto wa dada yangu kapata nafasi ya kusoma usanifu majengo pale Chuo Kikuu Ardhi, Dar, na ami yake aliyeko Maskati katuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la familia: mwambieni mjomba wake achague kompyuta na kila kinachokwenda nayo, bei asiitazame. Kundi zima likashangilia. Mzigo nikaachiwa mimi, kwa kuwa nachora majengo kwa riziki yangu.

Kijana mwenyewe alishachagua. Alinitumia picha ya kompyuta ya mezani yenye ubavu wa kioo, taa za rangi zote, na ndani yake kadi ya picha ya RTX 5090. "Anko, hii haina mpinzani." Kweli haina. Kadi hiyo ina GB 32 za kumbukumbu na inaweza kula wati 575 peke yake. Irendishe usiku kucha, yaani igeuze michoro kuwa picha zinazofanana na jengo halisi, ndipo utajua LUKU inavyokwisha. Ila kazi ya mwanafunzi wa usanifu iko studio. Mwalimu anapita mezani kwako, anakwambia ngazi hii sogeza, paa hili geuza, naye anataka aone ukifanya hivyo akiwa bado amesimama. Mashine iliyobaki chumbani Sinza hapo itakusaidia nini?

Basi iwe kompyuta mpakato. Na mwenye fedha nyingi ndiye anayeliwa kirahisi hapa, maana RTX 5090 ya mpakato si ile ya mezani japo jina ni moja: kumbukumbu yake ni GB 24, na umeme inaoruhusiwa kula hauvuki wati 175. Mashine za inchi 18 zinazoibeba zinapita kilo tatu, hapo chaja hujaiweka, na chaja yenyewe ni tofali. Sasa mtie kijana kwenye daladala la kwenda Survey saa moja asubuhi, begani begi hilo, mkononi modeli ya kadibodi aliyoigundisha usiku. Nimemwandikia ya inchi 16, kilo mbili hivi, RTX 5080 yenye GB 16, RAM GB 64, SSD ya TB 2. Kwa nini RAM nyingi hivyo? Kwa sababu atafungua Revit na SketchUp za kuchorea majengo, na Photoshop ya picha, zote kwa pamoja, na kurasa za intaneti asizozifunga kamwe. Prosesa sikuihangaikia. Revit kazi zake nyingi za kuchora huzifanya kwa kiini kimoja cha prosesa, kwa hiyo viini lukuki vya bei mbaya vitakaa tu vikipiga soga mpaka siku ya kurenda.

Akaja na hoja ya MacBook Pro, kwamba ndiyo wanayotumia wasanifu wa kwenye picha. Ni mashine safi, betri yake siisemi. Lakini Revit haina toleo la Mac, Lumion ya kurendia nayo vilevile, mjadala ukafungwa hapo. Revit yenyewe ami asiilipie: Autodesk wanaoitengeneza huwapa wanafunzi leseni ya bure ya mwaka mmoja, unahuisha ukithibitisha kuwa bado unasoma.

Fedha ambazo ningezitupa kwenye mashine nimezihamishia kwenye skrini, na hapa sitanii. Inchi 27 ina upana wa karibu milimita 597, kwa hiyo karatasi ya A3 inakaa nzima kwa ukubwa wake halisi na nafasi inabaki. Lakini iwe 4K, yenye nukta 3840 kwa 2160. Kwenye inchi 27 ya 1920 kwa 1080, nukta moja ina milimita 0.31, basi mstari wa unene wa milimita 0.13 na wa 0.25 yote unaiona uleule mmoja. Unachora ukuta na vigae vya sakafu kwa unene tofauti, unaona sawasawa, unajua ulichokosea ukishalipia karatasi. Kwenye 4K nukta inashuka hadi 0.155 na unene unaanza kuonekana. Nimeomba yenye USB-C inayochaji wati 90: waya mmoja unapeleka picha na kuleta umeme, unatosha kwa kuchora. Kurenda ataichomeka chaja yake.

Kiti nimeandika Aeron ya Herman Miller. Dada aliposikia bei akauliza kama kinapika. Kinakuja kwa saizi tatu, A, B na C, na kijana ana urefu wa mlingoti, kwa hiyo C, wasimletee kingine.

Umeme ulituletea ubishi kidogo. Ami alitaka kutuma na msafiri ile betri kubwa ya kuendesha nyumba, ya Wh (wati-saa) 1000. Haipandi ndege ya abiria. Betri ya lithiamu hadi Wh 100 unapanda nayo bila kuomba ruhusa (ndiyo maana mipakato mingi mikubwa inaishia 99 na ushei), ikipita 160 inakataliwa. Hiyo tutanunua hapahapa Dar. Kwa kukatikakatika kwa kawaida, mpakato una betri yake. UPS ndogo, kile kiboksi cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika, itoshe kwa skrini na ruta.

Vingine havina maneno: SSD mbili za nje, moja ikae kwa mama yake, na kila usiku kazi ipande Google Drive. Mausi yenye gurudumu linalobonyezeka, kwa sababu ndilo linaloburuta mchoro.

Ami anasema mashine atainunua huko huko Maskati. Plagi zao ni za pini tatu kama zetu, sawa. Kibodi itakuwa na herufi za Kiarabu pembeni ya hizi zetu, na kijana kanuna. Miaka yote ile madrasa, eti leo zinamchanganya.

Printa nimeikataa. Ami anaitaka, ya A1 kabisa, kashaiangalia dukani. Nimemwambia mlango wa chumba cha Sinza haupitishi hilo dude, na stationari za jirani na chuo zinachapa A1. Bado hajanijibu.