Ninavyoandaa maji ya chokaa kwa karatasi zenye asidi

Karatasi nyingi za kuanzia katikati ya karne ya 19 zilitiwa shabu (chumvi ya alumini) na utomvu wa msonobari ili wino usisambae. Shabu hiyo ikipata unyevu huzaa asidi, nayo hukata nyuzi mpaka kona ya ukurasa inavunjika ukiikunja.

Kuizima asidi hiyo mimi hutumia maji ya chokaa, yaani haidroksaidi ya kalsiamu iliyoyeyushwa majini. Maji ya moto hayasaidii: chokaa hii huyeyuka zaidi kwenye maji baridi, takriban gramu 1.7 kwa lita kwenye nyuzijoto 20. Kwa hiyo sihangaiki na mizani. Natia unga wa maabara kuzidi kiasi hicho, natikisa, naacha utuame hadi kesho yake, kisha nayavuta kwa mpira maji maangavu ya juu bila kutibua mashapo. Glavu na miwani sivui, maana maji haya yanaunguza. Chupa naijaza hadi shingoni. Ikibaki hewa, kaboni dayoksaidi huifanya chokaa kuwa kabonati, na juu huota utando unaokatika kama barafu nyembamba. Vipande hivyo vikifika kwenye karatasi huacha vumbi jeupe.

Karatasi haitumbukizwi humo moja kwa moja. pH yake (kipimo cha asidi na alikali: chini ya 7 ni asidi, juu yake ni alikali) ni kama 12.4, na karatasi ya rojo la mti inaweza kugeuka njano. Kwanza najaribu tone kwenye wino na kulifyonza kwa karatasi ya kukaushia. Wino ukitoka, maji nayasahau. Ukishikilia, naweka beseni la maji yaliyoondolewa madini na kudondoshea chokaa kwa bomba la sindano, kipima pH kikiwa ndani, hadi kisome kati ya 8 na 8.5. Kwenye maji kama hayo kipima husitasita, hivyo nasubiri kitulie. Matone ya mwanzo humezwa na kaboni dayoksaidi iliyomo majini, halafu namba inaruka ghafla. Hapo mkono uwe mwepesi.

Karatasi ikizama, maji hugeuka rangi ya chai na pH inashuka, nayabadilisha.

Beseni hilo huacha akiba ndogo mno ya alikali ya kuzima asidi itakayozuka baadaye, ndiyo maana namalizia na bikabonati ya kalsiamu: unga wa kabonati kwenye maji baridi, gesi ya kaboni dayoksaidi ikipulizwa ndani. Ikiwa mbichi husoma karibu 6, na wengi hushtuka. Gesi ikiondoka karatasi inapokauka, kabonati hubaki kwenye nyuzi.