Saa nane au saa mbili: siku moja ya mchora chati

Saa 11 na nusu alfajiri

Ujumbe umeingia kabla sijashuka kitandani. Ni mganga mfawidhi wa kituo cha afya ninachokifanyia kazi mwezi huu. "Za asubuhi dada. Karani wa ziada tulimpanga kama chati yako ilivyosema. Jana kaja saa nane, kakuta mabenchi matupu. Tumekosea wapi?"

Nikaifungua chati kwenye simu, ile ya wagonjwa wanaofika kila saa, nikaikodolea macho gizani. Pau ndefu kuliko zote imesimama juu ya namba 8. Looh! Kompyuta huanza kuhesabu saa usiku wa manane, kwa hiyo 8 yake ni saa mbili asubuhi. Nimeitazama chati hiyo wiki nzima nikisoma "saa mbili" bila hata kufikiri, maana macho yangu yameshazoea lugha ya mashine. Daktari kaisoma kama atakavyoisoma mtu yeyote hapa Dar: nane ni nane.

Kosa ni langu, nikamwandikia hivyo hivyo. Nikamwahidi chati mpya kabla ya jua kuzama.

Saa 1 asubuhi

Mwendokasi kutoka Kimara, nimesimama mguu mmoja. Hakuna cha kusimulia hapa, ila kila aliyepata kiti anatazama simu, na chati zangu nyingi huishia huko huko, kwenye kioo cha upana wa kiganja, pengine chenye ufa. Ninapochora huwa naipunguza chati mpaka iwe na ukubwa huo. Herufi zikigoma kusomeka, nazikuza au nafuta maneno.

Saa 2 na nusu asubuhi

Kazi ya kwanza ni ya daktari. Takwimu zenyewe zilikusanywa kienyeji kabisa: kwa wiki mbili mlinzi wa getini alipewa daftari, na kila mgonjwa akiingia anapiga kistari, vinne vimesimama na cha tano kinavikatiza, mstari mpya kila saa. Sijawahi kupokea takwimu safi kama zile za yule mzee.

Nikaanza na mhimili mlalo, ule mstari wa chini wenye saa, penye jeraha. Hapa nikagundua kitu ambacho miaka yote kilikuwa mbele ya macho yangu: saa zetu zinaifaa chati ya mchana kuliko saa za kizungu. Zile zinakwenda 8, 9, 10, 11, 12, kisha zinarudi 1, 2, 3, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Ukikwepa hilo kwa kuandika 13 na 14, nani mtaani anasema "tukutane saa kumi na nne"? Zetu zinaanza jua likichomoza, zinapanda 1 mpaka 12, jua linazama. Mhimili umenyooka wenyewe. Nikaandika "saa 2 asubuhi", "saa 6 mchana", "saa 10 jioni", neno na namba pamoja, ili hata aliyezoea saa ya simu asipate pa kuteleza.

Kisha kichwa cha habari. Awali kilikuwa "Idadi ya Wagonjwa Wanaowasili kwa Kila Saa". Hakuna ubaya, ila kinamwachia msomaji kazi yote. Sasa kinasomeka "Wagonjwa wengi hufika kati ya saa 2 na saa 4 asubuhi". Pau za saa hizo mbili nimezikoleza, nyingine zote kijivu.

Iliyobaki ni kufuta. Mistari ya nyuma, imekwenda. Kivuli cha pau, kimekwenda. Kisanduku cha ufunguo, kile cha kueleza maana ya rangi, kilikuwa na rangi moja tu, nacho nikakiondoa. Ufunguo wa rangi moja unafungua mlango gani?

Saa 4 asubuhi

Mkuu wa kitengo amekuja na kiti chake, dalili kwamba mazungumzo yatakuwa marefu. Tuna bango la Sensa ya 2022 la kutundika ukumbini, na anataka chati ya duara, yenye unene kama keki, mikoa yote 31.

Zamani ningebishana. Siku hizi nachora kile anachotaka, namwekea mbele, kisha namuuliza swali. "Mzee, kati ya Mwanza na Tabora, wapi kuna watu wengi zaidi?" Akainamisha kichwa, akavaa miwani, akahesabu rangi. Vipande viwili vya keki vinafanana, na kile kilichokaa upande wa mbele kinaonekana kinene kwa sababu tu ubavu wake umechorwa. Nikamfungulia ukurasa wa pili, pau zilizolala, mkoa wenye watu wengi juu na wenye wachache chini kabisa. Mwanza 3,699,872. Tabora 3,391,679. Tofauti ya laki tatu na ushee, inaonekana bila miwani.

Hili lilishapimwa. Mwaka 1984 wanatakwimu wawili wa Marekani, Cleveland na McGill, waliwapa watu michoro ya aina mbalimbali wakadirie tofauti, na ikaonekana jicho linakadiria vizuri zaidi vitu vilivyopangwa kwenye mstari mmoja wa kipimo kuliko pembe au maeneo. Ndiyo maana pau zinaishinda duara. Duara naitumia kwa vipande viwili, vitatu kwa shida.

Pau kulala nako kuna sababu yake. Zikisimama, "Kaskazini Unguja" na "Mjini Magharibi" yanabidi yaandikwe mshazari, na wageni wa ukumbini watatoka na shingo za mbayuwayu aliyegonga dirisha.

Akakubali, kisha akaleta jingine: basi tuweke ramani, kila mkoa ukolezwe rangi kwa idadi ya watu wake. Ramani inapendeza, siwezi kukana. Ila ardhi haikuhesabiwa kwenye sensa. Mkoa wa Lindi una takriban kilomita za mraba 66,000 na watu 1,194,028. Dar es Salaam, kilomita za mraba kama 1,400, watu 5,383,728. Kwenye ramani ya nchi nzima, Lindi ni shamba zima la rangi na Dar ni punje ya mchele pembeni mwa bahari. Anayepita mbali ataondoka na Lindi kichwani. Tukaafikiana: ramani ndogo kwenye kona, yenye duara juu ya kila mkoa, duara kubwa penye watu wengi, na pau ndizo zitawale bango.

Tulichogombania mwisho ni neno "laki". Mkoa wa Kusini Unguja haufiki watu laki mbili, nami niliandika hivyo hivyo. Mkuu anasema laki ni ya sokoni. Nikamwambia imo kwenye kamusi na imo kwenye kila duka la Kariakoo, na bango ni la watu wa huko huko. Kaondoka na kiti chake bila kujibu. Nimeiacha laki.

Saa 7 mchana

Wali maharage kwa mama lishe nyuma ya jengo. Huyu ndiye mkaguzi wangu mkuu, ingawa mshahara halipwi. Wenzangu ofisini wakionyeshwa chati husema "nzuri". Mama hana sababu ya kunifurahisha, nilishalipa chakula.

Nikampa simu, chati ya kituo cha afya. Sikueleza chochote, na hapo ndipo penye kazi, kujizuia kueleza. Akaitazama huku mwiko ukiwa mkononi.

"Hizi fupi za mwisho ni Jumapili?"

Alidhani kila pau ni siku. Maneno ya saa yalikuwa madogo mno kwenye simu yake, kwa hiyo akajaza mwenyewe. Nikakuza herufi pale pale kwenye benchi, nikabakiza saa za kupishana ili zienee. Akatazama tena.

"Aa. Kwa hiyo nikienda saa tano nitakuta watu wachache?"

"Ndiyo mama, wanaoingia ni wachache."

"Wanaoingia, sawa. Na wale wa asubuhi watakuwa wameshaondoka?"

Nikabaki na kijiko hewani. Mlinzi alihesabu walioingia getini. Hakuna aliyehesabu waliotoka. Chati yangu inajua watu wanafika lini, haijui wanasubiri kwa muda gani, na anayeumwa anachotaka kujua ni hicho cha pili. Mama akaongeza, akimpakulia mteja mwingine, kwamba watu hujazana asubuhi kwa sababu namba hugawiwa asubuhi. Wangegawa mchana, wangejazana mchana.

Saa 9 alasiri

Chini ya chati nimeongeza mstari mmoja: "Wamehesabiwa wanaoingia getini kwa wiki mbili. Muda wa kusubiri haukupimwa." Na kwa daktari nimeandika pendekezo kwamba mzee wa getini apige vistari na kwa wanaotoka.

Kabla ya kutuma, chati imepita kwenye printa ya ofisi isiyo na wino wa rangi. Nimejifunza kwa machungu. Kuna wakati nilimpa mteja jedwali lenye kijani kwa "vizuri" na nyekundu kwa "vibaya", likatolewa fotokopi, yote yakawa kijivu kimoja. Kuna pia watu, wanaume zaidi kuliko wanawake, ambao macho yao hayatofautishi rangi hizo mbili hata zikiwa mbichi. Leo kilichokoza kimetoka cheusi na kilichofifia kimetoka kijivu. Nikatuma.

Saa 12 jioni

Kwenye gari, kundi la WhatsApp la mtaa linasambaza chati ya ongezeko la watu nchini. Pau mbili, ya 2022 imeipita ya 2012 zaidi ya mara nne, na chini yake watu wanaulizana tutakula nini. Nikaangalia mhimili wima: unaanza milioni 40. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 44,928,923, ya 2022 ikahesabu 61,741,120. Ukikata hiyo 40 ya chini, unabakiwa na pau ya 4.9 kando ya pau ya 21.7. Rudisha sifuri mahali pake, na pau ya pili inaizidi ya kwanza kwa kitu kama theluthi moja hivi. Ongezeko ni kubwa kweli, halihitaji kusaidiwa. Nikaandika maelezo mafupi, nikayafuta, nikayaandika tena kwa heshima zaidi, nikatuma. Mtu mmoja kajibu kwa dole gumba. Wengine wameendelea kuulizana tutakula nini.

Saa 2 usiku

Picha kutoka kwa daktari. Chati imebandikwa ukutani kwa plasta ya hospitali, imetolewa steshenari ya jirani, nyeusi na nyeupe, imepinda kidogo kulia. Karani wa ziada atakuja kesho saa 1 na nusu. Nikaikuza picha. Pembeni ya pau ya saa 4 kuna mtu ameshaandika kwa kalamu ya bluu: "Chai baada ya hapa."