Saruji ya Mzee na Kaka Yake

Maneno ya yule mzee hayajanitoka wiki nzima. Nilikuwa juu ya jukwaa, ukuta wa kusini wa kanisa, nang'oa kwa tindo saruji iliyojazwa katikati ya mawe. Akasimama chini, akaniangalia kitambo.

"Binti yangu, mbona unabomoa kizima?"

"Si kizima, Mzee. Saruji imeziba. Maji yaliyomo ukutani hayana pa kutokea ila kwenye jiwe lenyewe, na chumvi yake inalimenya."

"Hiyo tuliiweka mimi na marehemu kaka yangu."

Akaenda zake.

Kengele imeshushwa salama, fedha za awamu ya pili zimepitishwa, Rehema kajifungua mtoto wa kike (hongera tena, mdogo wangu), na mimi bado niko kwenye hilo "mimi na marehemu kaka yangu". Nililosema ni kweli. Jiwe la mchanga ni laini, na kiungo, yaani kile kinachojaza kati ya jiwe na jiwe, hutakiwa kiwe dhaifu kuliko jiwe ili kinacholika kiwe chenyewe, si jiwe. Nyuma ya ile saruji nimekuta jiwe limegeuka unga. Lakini Hati ya Venice ya 1964, mwongozo wa kimataifa wa kuhifadhi majengo ya kale, inataka mchango halali wa kila zama katika jengo uheshimiwe. Ndugu wawili waliopanda ngazi kuziba mvua isiwanyeshee waumini, zama zao hazihesabiki?

Ijumaa nikafika barazani, chini ya paa. Pakavu. Saruji ya pale imeshika kingo za mawe kiasi kwamba kuing'oa ni kuyavunja, na madhara yoyote haijaleta. Nikaiacha, nikaandika sababu kwenye daftari la kazi. Nilishuka jukwaani mwepesi, nikiimba.

Jioni mzee akaja. Nikamwonyesha. Akapitisha kidole kwenye kiungo kimoja hadi mwisho.

"Huu mkono wa kaka. Alikuwa akijaza mno."

Kisha akauliza mbona chokaa tunayojaza badala ya saruji tunaifunika magunia yaliyoloweshwa. Nikamweleza kwamba chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa ya ukaa polepole. Ikikaushwa na jua au upepo mapema, hubaki unga. Akauliza mengine, nikajibu yote mpaka giza likaingia. Sikumbuki lini nimefurahi hivyo kazini.

Mama anaenda kupimwa lile jicho la pili Jumatatu. Anasema anaona vizuri tu, ila jana alinisalimu kwa jina la dada.