Neno la baba

Jana baba kasusa tena. Kisa chai, mgeni kapelekewa kikombe kabla yake, basi kanyanyuka kaingia chumbani kafunga mlango, na mpaka saa tatu usiku wali wake ulikuwa bado mezani umefunikwa kawa, mama hataki kuutoa maana akitoka asiukute itakuwa kesi nyingine. Ana miaka 61.

Siku nyingi natafuta neno la mtu wa hivi, sio la kumtukana, la kumwelewa. Jitu zima hovyo, hilo ni tusi na linaishia hapohapo. Wengine wanasema ana utoto, hilo nalikataa kabisa, mwanangu ana miaka minne na kususa anasusa, ila baada ya dakika kumi kaja kunilalia mapajani kasahau kila kitu. Baba anakaa na kinyongo wiki nzima na nyumba nzima tunatembea kwa kunyata. Hajakomaa nalo limeshakuwa jepesi, siku hizi kumwambia mtu komaa ni kama kumwambia kaza.

Leo nikampigia shangazi Tabora, nikamkuta anachagua maembe ya kuvundika, nikamweleza yote, akasikiliza af akasema, "Mwanangu, baba yako hakupevuka."

Yaani nilikaa chini. Kwa sababu embe lililopevuka hata kama ni gumu na la kijani, ukilivundika siku nne tano linaiva. Ila lililochumwa changa, pale kwenye kikonyo hapajajaa, utalifunika weee, linasinyaa ngozi tu, ukilikata ndani jeupe na ukakasi wake uleule.

Nikamuuliza, sasa shangazi, nani alimchuma? Akanyamaza kidogo. Bibi alifariki baba ana miaka 7, msiba haujaisha vizuri akachukuliwa na ndugu kwenda kuchunga ng'ombe wao, akilia anaambiwa mwanaume halii, akinuna ananyimwa chakula.

Ananyimwa chakula. Miaka yote hii naiangalia ile sahani na sikuwahi kujua.

Sisemi yameisha, mama kala peke yake mara nyingi mno na hilo halifutiki kwa sababu ya maembe. Ila jitu zima nimeacha kulisema, hata moyoni.

Saa hizi naandika nasikia mlango wao unafunguliwa. Mama kashawasha jiko, anapasha wali.