Kumbukumbu ya mradi: Ngomeni ya Pili yapata jiko

Mji wangu wa Mwezini sasa una ramani, una makuli wa bandari wenye chama chao, una imamu anayeumiza kichwa kuhusu kibla, na tangu juzi una jiko. Hilo jiko ndilo limenipotezea usingizi.

Kwa anayeufuata mradi kuanzia hapa: Ngomeni ya Pili ni ulimwengu ninaouandikia hadithi fupi na kuuchezea na marafiki, ule mchezo wa kuigiza wahusika kwa dadu na karatasi. Jina ni la Ngomeni yenyewe, kaskazini ya Malindi, ambako Waitaliano walisimika majukwaa yao ya kurushia roketi baharini katika Ghuba ya Ungwana. Setilaiti ya kwanza iliruka kutoka pale mwaka 1967. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikisherehekea miaka saba ya uhuru, ikaruka nyingine ya Wamarekani iliyopewa jina hilohilo, Uhuru. Hiyo ndiyo iliyokuwa ya kwanza kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza anga kwa eksirei peke yake, na katalogi yake ya mwisho ina vyanzo 339 vya eksirei. Mrusho wa mwisho pale ulikuwa 1988. Katika hadithi yangu haukuwa wa mwisho, basi. Mengine yote yametoka hapo.

Sasa jiko. Mavazi ya kutokea nje angani hujazwa oksijeni ya presha ndogo, karibu theluthi moja ya ile ya hewa tunayovuta pwani, la sivyo yanavimba na mtu hawezi hata kukunja mkono. Ukitoka kwenye presha ya kawaida ukaingia moja kwa moja kwenye vazi kama hilo, naitrojeni inatoa mapovu mwilini kama ya mzamiaji aliyeibuka kwa pupa. Dawa yake ni kuvuta oksijeni tupu kwa saa kadhaa kwanza. Mwajiri gani atalipa saa hizo kila siku? Makuli wangu wanalazwa katika mabweni yenye presha ya theluthi, oksijeni ikiwa imeongezwa, ili waamke na kutoka. Si uzushi wangu: Skylab, kituo cha Wamarekani cha 1973, kilikaliwa kwa presha kama hiyo. Mabosi wa bandari, ambao hawatoki nje, wana presha kamili ya pwani.

Na kwa presha ya theluthi, maji huchemka kwenye nyuzi 72 hivi.

Aliyehamia Nairobi kutoka Mombasa anaujua mwanzo wa kadhia hii. Pale juu maji huchemka kama nyuzi 94, na maharage yaleyale yanakula makaa zaidi. Shuka hadi 72 uone: sufuria inatokota vizuri, mvuke unapanda, mapovu yanacheza, na punje inabaki ngumu hadi kesho. Mabaya zaidi ni maharage mekundu. Yana sumu yake ya asili, aina ya lektini, ambayo huvunjwa na mchemko wa kweli wa nyuzi 100. Ukiyapasha chini ya 80, sumu inaweza hata kuzidi ile ya mabichi. Saa moja mpaka tatu baada ya kula, ni kutapika tu.

Nikaona kisa kimejiandika. Bweni zima linatapika siku mbili kabla ya mgomo. Chama kinasema mabosi wametia sumu, mabosi wanasema ni wahuni wa chama. Wachezaji wangu walizunguka kwenye matangi ya maji na mabomba ya hewa karibu jioni nzima, wakamfungia fundi mmoja asiye na hatia, mpaka anayeigiza daktari akauliza, "Jamani, hawa walikula nini mchana?" Nikajibu maharage ya nazi. Akanyamaza. Kisha: "Yalipikiwa wapi?"

Kabla ya siku hiyo nilikuwa na kanuni ya upishi: dadu mbili, ukipata 8 au zaidi chakula kimeiva. Hiyo ni nafasi 15 kati ya 36. Nimeifuta. Dadu ni za jambo linaloweza kwenda huku au kule, na maji ya nyuzi 72 hayana kule. Sasa dadu zinarushwa unapombembeleza mpishi wa mabosi akuazime sufuria ya presha. Pale pana hadithi.

Mafuta, kwa upande wake, hayajali presha. Yatafika nyuzi 180 popote. Kwa hiyo chakula cha makuli ni cha kukaanga: bhajia za dengu, mahamri, viazi vilivyokatwa vyembamba vikiwa vibichi. Lakini karai la mafuta ya moto ndani ya bweni lililojaa oksijeni ni jambo la kumnyima usingizi mkuu wa zimamoto, naye amepiga marufuku. Basi kuna mama mmoja anayekaanga kwa siri nyuma ya chujio la hewa, na harufu ndiyo inayomsaliti. Sijampa jina bado, ila wachezaji wameshampenda kuliko wahusika wao wenyewe.

Mezani kwetu nilipika mbaazi za nazi na mahamri. Mbaazi zililala majini usiku, zikachemshwa kwa tui jepesi, tui zito likaingia mwisho moto ukiwa mdogo, nikikoroga lisikatike. Iliki kwenye mahamri niliitwanga mwenyewe, ya pakiti haina maisha.

Kilichobaki ni sufuria za presha zenyewe. Nimeamua mji mzima una tatu, zote upande wa mabosi, na ule mpira wa mfuniko hautengenezeki Mwezini. Mchezaji mmoja amekwishanitumia ujumbe: hataki sufuria, anataka kuiba mipira mitatu tu, kisha chama kikae mezani na mabosi. Nimemwambia alete mpango wa kutoka kule jikoni, maana mlango mmoja una presha ya pwani na wa pili hauna.