Siti ya nyuma ya Pijo

Mzee wetu alifariki 2013, na kwenye kikao cha mirathi baada ya arobaini ile gari haikugombewa na mtu. Shamba liligombewa, nyumba ikazungumzwa mpaka usiku, ila ilipofika zamu ya gari kaka mkubwa akasema tu huyu mdogo ndiye anakaa hapa na mama, achukue yeye, wote wakaitikia, ikawa yangu.

Ni Peugeot 504 stesheni wagoni ya mwaka 1974, ile ya siti safu tatu, gia ziko kwenye usukani, nyuma ina springi nne, mbili kila upande, ndio maana ilikuwa inabeba ukoo mzima na magunia juu ya keria na bado inakwenda. Nyumbani na mtaa mzima wa Ngamiani, hapa Tanga, tulikuwa tunaiita Pijo. Mzee aliinunua 1976 kwa meneja mmoja wa shamba la mkonge aliyekuwa anahama, yeye alikuwa fundi wa mitambo kule kule korona, pale mkonge unapochakatwa. Alikuwa anaisifia hiyo gari kama mtoto wake, ukikaa naye lazima akukumbushe kwamba 504 ilishinda Safari Rally 1975 na ikarudia 1978.

Ila mpaka inafika kwangu ilikuwa na miaka tisa chini ya mwembe haijawashwa. Tairi zote zimelala, panya wamezalia ndani, kutu imekula chini ya milango. Nikaanza kuweka hela kidogo kidogo na 2015 nikamwita fundi mmoja mtu mzima anayezijua Peugeot toka ujana wake. Nikamwambia mzee wangu shikamoo, mimi nataka hii gari irudi mpya, kila cha zamani kitoke. Akaniangalia akasema haya, tuanze na injini.

Sasa hapa nieleze kidogo maana ndipo nilipopata somo. Injini yake ni aina ya XM7, ya cc 1,796, na slivu zake, yaani yale mabomba ambamo pistoni hupanda na kushuka, hazijagandishwa na bloku, zimechomekwa tu, maji ya kupoza yanazunguka kwa nje yake na chini kabisa kuna sili nyembamba inayozuia hayo maji yasiingie kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Kinachozibana zikae ni silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini. Ukishafungua hedi inabidi uzishike kwa bolti na washa, na mtu asizungushe injini. Fundi alitoa hedi akaenda nayo kuipiga plena, yaani kuisawazisha uso, akaniachia maneno mawili tu, hizi bolti tutazifunga kesho, usiiguse gari.

Jioni mvua ikashuka, ile mvua ya Tanga isiyotoa taarifa, na mimi naona injini iko wazi, silinda nne zinaangalia mbinguni. Nikafunika na turubai, upepo ukalichukua. Nikaita vijana wawili wa jirani tukaisukuma iingie chini ya banda, na sikukumbuka kuangalia gia. Ilikuwa imeingia. Tukaona nzito tukaongeza nguvu, ikajongea hatua kama mbili hivi, halafu nikasikia kitu kimebanduka mle ndani, mlio mdogo tu, nikasimama pale pale kwenye mvua nikajua nimeharibu.

Asubuhi fundi hakunifokea. Aliinama, akapitisha kucha ya kidole gumba juu ya bloku taratibu kutoka silinda ya kwanza, ya pili, kufika ya tatu kucha ikakwama. Slivu imepanda. Akafungua nati ya sampu, yakatangulia maji yenye rangi ya chai ndio ikafuata oili. Akaniambia, "Mwanangu, hizi sili sasa zote zibadilishwe, na hapa Tanga huzipati, nenda Mombasa."

Nikaenda. Lami ya kwenda mpakani Horohoro ilikuwa bado mpya, ukivuka Lungalunga unaenda moja kwa moja mpaka feri ya Likoni, na kwa kuwa 504 ziliunganishwa pale Mombasa kwa miaka mingi spea zake bado zipo. Nikaingia duka moja, muuzaji hakuniuliza hata mara mbili, akatoa seti nzima ya pistoni na slivu za milimita 84, sili zake ndani ya boksi, gasketi ya hedi, hata raba za milango. Kwenye basi wakati wa kurudi boksi nimelipakata mapajani kama mkate, nikawa namfikiria mzee. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa Februari 1977, mwaka mmoja tu baada ya yeye kununua gari, ukaja kufunguliwa mwishoni mwa 1983. Miaka yote hiyo Mombasa ilikuwa pale pale, na kwake yeye ikawa mbali kama Ulaya. Bila spea za Mombasa, alikuwa anaitengeneza hii gari kwa kutumia nini? Sijawahi kujiuliza hilo alipokuwa hai, na linaniuma mpaka leo.

Jibu nililipata wiki mbili baadaye, injini ikiwa imeshafungwa na inanguruma vizuri. Nilimleta fundi wa siti na masponji mapya, akaanza na ile siti ya safu ya tatu. Hiyo siti sisi watoto tulikuwa tunaikimbia, ilikuwa inachoma, ukivaa kaptula unashuka na mapaja yana madoa mekundu, mdogo kuliko wote ndiye anasukumiwa huko. Fundi akachana reksini kwa wembe, akaingiza mkono, akatoa kitu kirefu cheupe chenye unjano kidogo, mafungu mafungu, yamepangwa yamelala upande mmoja na kushonewa kwenye gunia.

Katani! Siti nzima ilikuwa katani tupu.

Yule fundi akasema hii takataka tunatupa jalalani, akaanza kuirundika chini. Mama alikuwa barazani anachambua mchele, akaweka ungo chini akaja. Akainama, akaishika ile gunia akawa anafuata mshono kwa kidole, mshono mrefu wa kuruka, akaniuliza, "Unaujua huu mkono wa nani?"

Nikamwambia sijui.

"Wangu."

Ndipo akanieleza. Sponji ya mwanzo ilioza, mwaka 1981 hiyo, madukani hamna sabuni wala sukari, nani akuuzie sponji. Mzee akanunua katani iliyokataliwa daraja pale kazini, akaichana kwa kitana cha mbao alichokitengeneza mwenyewe, na mama akashona usiku kwa kibatari, yeye anashona mzee anavuta uzi upande wa pili kwa sababu shazia, ile sindano kubwa ya magunia, ilikuwa moja na gunia ni gumu. Siku tatu. Mimi nilikuwa nimelala chumba cha pili.

Nikamwambia fundi asitupe kitu. Alibisha, akasema siti haitakaa sawa na wenzake, nikamlipa hela yake yote ya kazi na zile sponji akaweka safu ya mbele na ya kati. Ya nyuma tuliianika juani siku mbili, panya walikuwa wamekula kona moja, na mama akaingia ndani akatoka na shazia. Ile ile. Macho yake hayaoni vizuri, kwa hiyo yeye alikuwa anatafuta tundu kwa kidole anachoma, na mimi upande wa pili navuta uzi. Tulimaliza magharibi. Juu tukavika reksini mpya.

Safari ya kwanza ilikuwa Jumapili, kwenda Muheza kwa mama mdogo. Miaka ile ya shida ya mafuta gari binafsi hairuhusiwi barabarani Jumapili ikishapita saa nane mchana, kwa hiyo safari zetu zote za Muheza zilikuwa za mbio, mzee anaangalia saa huku wali bado uko mdomoni. Tulipokuwa tunapita Pongwe mama akaniuliza saa ngapi sasa.

"Saa tisa na robo, mama."

"Baba yako angekuwa ameshafunga geti," akasema, akashusha kioo mpaka chini.

Muheza tulichelewa kuondoka makusudi. Akanunua machungwa, magunia mawili, vijana wakataka kuyapandisha kwenye keria, akakataa, akawaambia wekeni nyuma pale, kwenye siti.